Hakuna kofi hata moja: niliyoyasema Newala baada ya filamu yetu

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, vijana wenzangu mambo vipi, na nyie watoto mliokaa huku mbele kwenye mkeka nawaona, tafadhali msiguse huo waya. Viongozi wa kijiji na kata, itifaki imezingatiwa, naomba nisitaje mmoja mmoja maana usiku unaenda, wengine mmekuja kwa miguu kutoka mbali na kesho alfajiri kuna watu hapa wanatakiwa wawahi foleni ya maji.

Toka filamu yetu ya mjane na korosho zake imeisha nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti. Mbona filamu inasema inahusu wanawake kuonewa alafu hakuna hata sehemu moja mwanaume anampiga mke wake? Nataka nianze na hilo, maana ndo lilitugombanisha hata sisi wenyewe tulioitengeneza.

Skripti ya kwanza ilikuwa na kofi. Ilikuwa na kofi, na mlevi, na mama mkwe anayeenda kwa mganga usiku, kwa sababu hizo ndo filamu tulizokua nazo, ulikuwa unalipa kiingilio kwenye kibanda cha video unakaa kwenye benchi unaangalia dada wa Dar analia kwenye sofa ndani ya jumba la ghorofa. Tukaenda kuisoma kijijini kwetu chini ya mwembe, wanawake wakasikiliza, wakacheka, wakasikitika. Pembeni walikuwa wamekaa baba zetu, nikawauliza na nyie wazee mmeionaje? Mmoja akasema nzuri sana, huyo bwana mshenzi kweli. Wenzake wakaitikia, mshenzi. Wakanyanyuka wakaenda zao wameridhika kabisa.

Usiku ule usingizi haukunijia. Nikawa najiuliza, kama kila mwanaume akiangalia anasema yule mshenzi, mi simpigi mke wangu, basi sisi tumeandika habari za mtu ambaye hayupo hapa uwanjani. Yule mwenye kofi wote tunamjua, balozi wa nyumba kumi anamjua, polisi wanamjua, na sheria ya ndoa toka 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Lakini uonevu uliowamaliza mama zetu huku kusini haukuja kwa kofi, uliongewa kwa heshima, watu wamekaa kwenye mkeka, wamekunywa chai, wamefungua kikao kwa dua na wamefunga kwa dua. Tukalifuta kofi, mlevi tukamfuta, mganga naye tukamfuta. Tukaandika kilichotokea nyumbani kwetu.

Baba yangu alifariki mwishoni mwa mwezi wa tisa mwaka 2016. Wakulima mnajua mwezi wa tisa mwishoni maana yake nini. Korosho zimeshaanza kudondoka, mama alikuwa ametoka kufyeka chini ya mikorosho ili ziokoteke, salfa, ile dawa ya mikorosho, alipuliza yeye na kaka yangu kwa sababu baba alikuwa ameshalala kitandani toka mwezi wa sita. Baba akafa, mama akaingia eda. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hesabuni kwa vidole jamani, mwezi wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili, wa kwanza, anatoka mwezi wa pili. Na minada inaanza mwezi wa kumi, na msimu ule ndo ule bei ilipanda ikapita shilingi 3,000 kwa kilo mpaka watu wakawa hawaamini macho yao. Mama yupo ndani, korosho zipo nje.

Zikaokotwa na sisi watoto. Zikapelekwa mzani na baba mdogo. Zilikuwa gunia 14, za kilo 80, piga hesabu mwenyewe, inapita milioni tatu. Ziliandikwa jina lake kwa sababu marehemu hayupo, malipo yake hayawezi kutoka, na mke wa marehemu hayumo kwenye daftari la chama cha msingi cha ushirika. Hakuwahi kuwemo. Miaka yote aliyolima yeye lilikuwepo jina la mtu mmoja tu kwenye lile daftari, na yule mtu alikuwa ameshazikwa.

Naomba nieleweke vizuri hapa. Baba mdogo sio mtu mbaya. Nilipovunjika mguu darasa la tatu ndo aliyenibeba na baiskeli kunipeleka shule muhula mzima. Msibani alilia kuliko sisi. Na ile miezi ya eda kila jioni alikuwa anakuja anasimama nje ya mlango anauliza, shemeji mmekula? Na tulikuwa tumekula, maana unga alileta yeye. Ndo maana mimi mpaka leo nashindwa kumchukia, na ndo maana yule shemeji wa mjane mliyemuona kwenye filamu tulimwambia mwigizaji asikunje uso hata mara moja. Tulihangaika sana kumpata. Wanaume watano walikataa, mmoja aliniambia kabisa dada mimi watu watanijua. Huyu aliyekubali alikuja kunieleza baadae kwamba kilichomtisha ni kwamba hakuona ubaya wowote kwenye maneno aliyopewa kuyasema, mpaka tulipofika siku ya mwisho ya kushuti.

Ile karatasi inayopita chini ya pazia, watu wengine mmedhani tumeitunga ili filamu ichangamke. Haikutungwa. Siku ya arobaini kikao cha ukoo kilikaa uani, wakaandika muhtasari, wakamteua baba mdogo kuwa msimamizi wa mirathi, na kwa vile mama hatakiwi kuonekana na wanaume karatasi ikapitishwa chini ya pazia la mlango, na kalamu juu yake. Akaambiwa ni ya kufuatilia cheti cha kifo. Mimi nilikuwa nimekaa naye ndani. Niliona mkono wake ukichukua ile karatasi, akaigeuza, akaniangalia, chumba kilikuwa na giza, akasaini, akairudisha. Haikuchukua hata dakika moja. Nilikuwa na miaka 19 na kidato cha nne nimemaliza, sikuisoma.

Hilo nalisema kila tunapoonyesha filamu hii na nitaendelea kulisema.

Alipotoka eda akaenda kuuliza shamba. Na hapa wazee wangu ndo pananiuma, naomba mnivumilie. Alipouliza kwa dini akaambiwa shemeji hili shamba ni mambo ya mila, ni la ukoo. Alipogeukia mila, maana sisi Wamakonde, na Wamwera pale Lindi, na Wayao na Wamakua wa Masasi na Nanyumbu, wote tunajua mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndo msemaji, kwa hiyo wajomba zangu wakaitwa, basi wajomba wakaambiwa sisi waislamu bwana, mirathi huku inafuata upande wa baba. Akasema haya, tuende mahakamani. Wakamwambia unataka kutuaibisha. Yaani sheria zipo tatu, na kila alipoishika moja wao walikuwa wameshahamia kwenye nyingine.

Sisi tulipokuwa tunaandika tulienda kukaa na shehe, yule yule mliyemuona kwenye filamu, alikubali kuigiza mwenyewe. Tukamuuliza kitu kimoja kimoja. Mjane kwenye eda anaweza kutoka? Akasema kwa dharura anatoka, na haki yake kupotea ni dharura, na kama hataki kutoka anaweka wakili wa kumsemea. Fungu la mke? Marehemu akiacha watoto mke anapata thumuni, moja ya nane, na kabla ya kugawa chochote linalipwa deni, na mahari ambayo haijalipwa nayo ni deni. Na kaka wa marehemu? Akacheka kidogo akasema kama marehemu kaacha mtoto wa kiume, kaka hana kitu. Kaka yangu alikuwepo siku ile, amekaa karibu na mimi. Wala hakusema neno, alitoka nje akaenda kusimama kwenye jua.

Kwa hiyo mtu asiniambie filamu hii inapiga vita dini. Dini ingefuatwa mama yangu angekuwa na fungu lake na sisi watoto wake fungu letu, na baba mdogo angebaki kuwa baba mdogo wetu.

Na mtu asiniambie vile vile kwamba huku kwetu wanawake wana nguvu kwa sababu ya ukoo wa mama. Nimeisikia sana hiyo Dar, nyie wa kusini wanawake wenu ndo wenye sauti. Bibi yangu alikuwa anatuhadithia, zamani mwanaume ndo alikuwa anahamia ukweni, na shamba ulikuwa unalima mihogo na mtama miaka michache alafu unaliacha lipumzike unafungua lingine, hakuna cha kugombania. Mkorosho ukabadilisha hiyo habari. Mkorosho hauhami, ukishaupanda unasimama miaka 30 na zaidi, na aliyepanda anasema huu wangu, na mara nyingi anayehesabiwa kuwa kapanda ni mwanaume hata kama shimo kachimba mke na maji ya kumwagilia kabeba mke kichwani kutoka huko bondeni. Bibi mwenyewe mikorosho yake ya kwanza aliiacha wakati wa operesheni ya vijiji, wakahamishwa wengi wakakaa mbali na mashamba yao, na msimu wa 1973/74 nchi ilikuwa imevuna tani kama 145,000, baada ya hapo ikawa inashuka tu. Bibi alisema pori likameza. Alipoanza upya kule alikohamishiwa, daftari lilikuwa la babu.

Mimi nimecheza unyago na naheshimu, na yale ya ndani hayasemwi uwanjani na sitayasema. Ila wale masomo, walimu wa unyago, mliopo hapa nawaomba kwa unyenyekevu, tunamfundisha mwali mambo mengi ya kuishi na mume na ndugu wa mume, tumfundishe na kuuliza jina lake limeandikwa wapi.

Sasa ile sini ya mzani. Inakwenda dakika sita, haina muziki, mmesikia tu upepo na yule mtoto anayekohoa, kijana wetu wa sauti alitaka akitoe kile kikohozi nikamwambia kiache. Yule karani sio mwigizaji, amefanya kazi ya ukarani kwenye chama cha msingi miaka mingi, hatukumpa laini za kukariri, tulimwambia fanya kama unavyofanya siku zote. Mama anashusha gunia. Karani anapima, anasoma kilo, anauliza, za nani hizi? Mama anataja jina la mume. Gunia la pili, za nani hizi? Jina la mume. Mmeona wenyewe anataja lile jina mara saba, na hapo mume ameshakufa. Wakati wa kushuti yule karani mkono ulianza kumtetemeka gunia la tano, akaweka kalamu chini, akasema hivi na mimi ndo nilikuwa nawafanyia hivi? Hiyo hatukuiweka kwenye filamu, tuliona sio yetu kuionyesha.

Na kuna kitu labda hamkukigundua. Filamu nzima hakuna anayemwita yule mama kwa jina lake. Anaitwa shemeji, anaitwa mke wa marehemu, mama fulani, bibi mjane. Tulifanya makusudi. Mpaka ile ya mwisho anaporudi mzanini peke yake baada ya miaka mitatu, karani anamuuliza, jina lako nani? Kamera inabaki usoni kwake, na filamu inakatika kabla hajajibu. Watu wa Masasi walilalamika sana pale, wanasema mngeacha ajibu jamani.

Lile kanga alilojifunga nalo ni la kweli. Tuliliazima kwa mama mmoja pale kijijini ambaye ameokota nalo korosho misimu 11. Utomvu wa bibo, lile tunda la mkorosho, mnaujua, ukishaingia kwenye nguo hautoki, ufue na sabuni gani hautoki, unakuwa doa la kahawia na kila mwaka linaongezeka lingine juu yake. Lile kanga pale kwenye jina lake, yale maneno ya chini, hayasomeki tena, madoa yamejaa. Na vidole vile mlivyoviona kwa karibu vilivyobanduka ngozi ni vya wabanguaji, mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, wale kina mama wanapaka majivu au mafuta ya kula kabla ya kushika. Tulipokuwa tunashuti kile kikao, mwigizaji wetu bila kuambiwa na mtu alilifungua lile kanga kiunoni akalitandaza mbele ya wale wanaume, hakusema kitu. Ilikuwa haimo kwenye skripti. Nilitaka kusema kata, sauti haikutoka.

Mahakama ya Rufani mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilishasema kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. 1983! Mimi nilikuwa sijazaliwa. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inasema mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi kwa sababu ni mwanamke, hiyo mila ni batili. Sheria hiyo hiyo inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba na watatu wao wanawake. Kijijini kwetu nilipouliza hao wanawake watatu ni kina nani, mwenyekiti wa wakati ule alinitajia wawili, na mmoja kati ya hao alikuwa hajui kama yumo.

Na hii ya msimamizi nairudia taratibu kwa sababu ndo inayowamaliza wengi. Msimamizi wa mirathi sio mrithi. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kuwagawia wenyewe. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo anatakiwa ndani ya miezi minne arudi kwa hakimu na fomu namba 5 na namba 6, aonyeshe mali ilikuwa nini na kila mtu kapata nini. Asiporudi, wewe mjane una haki ya kwenda pale mahakamani kuuliza, na kama amezitumia vibaya unaomba aondolewe. Mama hakuyajua haya mpaka 2018, alipokutana na msaidizi wa kisheria, mwanamke mwenzake tu anayeuza maandazi. Wale wasaidizi wapo kwa sheria, toka 2017, na hawatozi hela.

Alirudishiwa mikorosho 40 kati ya 110. Hela za msimu ule hazikurudi. Baba mdogo alikuja nyumbani, akakaa, akala ugali na kisamvu, akaomba radhi kwa mama, mama akasema nimesikia. Hakusema nimesamehe, na mimi sijawahi kumuuliza.

Kuna baba mmoja hapa ameniuliza kabla sijapanda, wewe binti na filamu yako huoni mnavunja ndoa za watu, mke akiandikwa si atamdharau mume? Baba, kwa heshima yote nakujibu. Mama na baba yangu walipendana. Baba angejua kitakachotokea angeamka kitandani akaenda kuliandika jina la mke wake kwa mkono wake. Hakuandika kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na karani hakumuuliza kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kuulizwa. Hati ya hakimiliki ya kimila inaandikwa majina mawili, mume na mke, inaruhusiwa kabisa. Kwenye usajili wa wakulima mwanamke mwenye shamba anasajiliwa kwa jina lake, na huo usajili ndo unaotoa salfa ya ruzuku, usipokuwemo salfa huipati, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukiingia kwenye maua unabaki unaangalia tu. Mikorosho sasa hivi imeshabeba, msimu unafunguliwa karibuni, bado kuna siku za kwenda ofisini kuangalia daftari limeandikwaje. Nendeni wawili. Kama mmoja ni mgonjwa, kama alivyokuwa baba, nendeni haraka zaidi.

Nimeongea sana. Maswali yaliyobaki sitayajibu mimi, maana mimi nilikuwa ndani ya chumba na sikuisoma ile karatasi. Mwenyewe yupo, amekaa pale nyuma ya jenereta na wajukuu zake, safari zote mbili tulizoonyesha alikataa kusimama, leo mchana amesema atasimama. Atajitambulisha mwenyewe kwa jina lake.

Mama njoo. Mpisheni hapo jamani, na mtu ammulikie na simu, kuna waya chini.